Gamma inapita bomba la chuma, kwa nini darubini yake ipandishwe kwa puto?

Mpimaji wa weldi, Tanga:
Wakuu, kazi yangu ni kupiga picha weldi za mabomba kwa iridiamu-192, metali inayotoa miale ya gamma. Usiku tunazungushia kamba na taa nyekundu, chanzo kinatolewa kwenye kasha, na filamu iliyofungwa upande wa pili wa bomba inaonyesha hata kitundu cha hewa cha milimita moja. Sasa nasikia wanaotafuta gamma za angani wanapandisha darubini kwa puto hadi kilomita 40. Kitu kinachopita chuma kinazuiwaje na hewa? Si wangeweka mtambo Lushoto milimani tu?

Mwalimu wa fizikia, Bagamoyo:
Kaka, piga hesabu ya kazini kwako. Kila sentimita ya mraba hapo Tanga imebeba kilo moja hivi ya hewa. Chuma cha uzito huo kina unene wa mita 1.3! Ukipanda Lushoto bado unabaki na zaidi ya mita moja. Kilomita 40 juu zimebaki gramu tatu hivi, yaani bamba la milimita 4. Hapo gamma inapita.

Kazi ngumu inaanzia hukohuko juu. Miale ya kosmiki, yaani chembe zenye kasi kubwa kutoka angani, inagonga hewa iliyobaki, inagonga na mtambo wenyewe, nayo inazalisha gamma nyingi kuliko zinazotafutwa. Kwa hiyo kitambuzi huzungushiwa ngao, na chembe yoyote iliyoigusa ngao haihesabiwi. Isitoshe, gamma za aina hii haziwezi kukusanywa kwa lenzi. Wanafuatilia kila gamma inavyogonga elektroni ndani ya kitambuzi, ikapinda, ikagonga tena. Hapo wanapata duara angani, na gamma hiyo imetokea mahali fulani kwenye duara hilo. Maduara mengi yakikatana, chanzo kimepatikana.

Na hili lakuhusu wewe hasa: mwaka 1988, puto zilizorushwa Alice Springs, Australia, zilipima gamma za kobalti-56 kutoka supanova 1987A, yaani nyota iliyolipuka. Kobalti hiyo ilikuwa inageuka kuwa chuma. Chuma cha mabomba yako kilizaliwa kwenye milipuko ya namna hiyo. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi jambo hili na bado linanisisimua.

Mdau, Pangani:
Satelaiti si zipo, mwalimu?

Mwalimu wa fizikia, Bagamoyo:
Zipo, ila puto ni nafuu, na mtambo unashuka kwa parachuti, unarekebishwa, unapanda tena. COSI, darubini ya gamma ya puto, ilirushwa Wanaka, Nyuzilandi, mwaka 2016, ikaelea siku 46 hadi ikatua Peru. Vitambuzi vya jemaniamu vilivyojaribiwa humo sasa vinatengenezewa satelaiti. Tena satelaiti ya gamma ya SAS-2 ilirushwa jirani zetu, Malindi, Novemba 1972.

Mpimaji wa weldi, Tanga:
Mita 1.3 nimekuelewa, shikamoo mwalimu. Iridiamu yangu chuma kikizidi sentimita saba hivi, picha inagoma. Kwa nini Malindi lakini?

Mwalimu wa fizikia, Bagamoyo:
Marahaba. Ni jukwaa la kurushia roketi la San Marco la Waitaliano, lipo baharini. Karibu na ikweta usumaku wa Dunia unafukuza sehemu kubwa ya miale ya kosmiki, kwa hiyo satelaiti inayozunguka juu ya ikweta inapata kelele kidogo, yaani gamma chache zisizotakiwa.