Linux yangu kwa waya haipiti Mbps 94: kadi ya Intel, adapta ya USB au waya mpya?

mtoto_wa_tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani nyumbani, inatumia Debian 12. Mwezi uliopita nimeingia faiba ya Mbps 200, lakini kwa waya napata 94 tu, hata nikipima saa nane za usiku. Kadi ya mtandao ni Realtek, ile iliyokuja na ubao. Jumamosi naenda Kariakoo na elfu 60, nataka nirudi na kitu kimoja kitakachomaliza kazi: kadi ya Intel ya kuchomeka ndani, adapta ya USB 3, au waya mpya. Ingekuwa nyinyi mngechukua kipi?

kerneli_safi
Intel, mkuu, wala usiumize kichwa. Mimi nilihangaika na Realtek miaka, nikanunua Intel iliyotumika na mpaka leo sijaigusa. Kama hela haitoshi, jaribu kwanza draiva (programu inayoendesha kadi) ya r8168-dkms, ile inayojijenga upya kila kerneli, yaani kiini cha Linux, kikisasishwa, badala ya r8169 inayokuja na kerneli yenyewe.

BiMwana
Mdogo wangu, usinunue chochote kwanza. Hujatwambia waya una urefu gani, ni Cat ngapi (daraja lake), unapita swichi (kisanduku cha kugawa mtandao) au unakwenda moja kwa moja kwenye rauta. Kwa waifai unapata ngapi? Tupe na majibu ya `sudo ethtool enp3s0`, amri inayoonyesha kasi ya kiungo (jina la kadi yako utaliona kwa `ip link`). Bila hayo tutakuwa tunabahatisha na pesa yako.

mtoto_wa_tabata
Samahani dada. Simu kwa waifai, nikikaa karibu na rauta, inapata 190. Waya ni kama mita 18, unatoka sebuleni, unapanda darini, unashukia chumbani. Swichi hakuna. Ethtool inasema Speed: 100Mb/s, Duplex: Full. Maandishi ya kwenye waya yamefutika.

BiMwana
Hapo sasa. Hiyo 94 si intaneti kuwa nzito, ni kiungo cha 100 kilichojaa. Katika kila baiti 1,538 zinazopita kwenye waya, data yako wewe ni baiti 1,448, zilizobaki ni vichwa vya pakiti na nafasi kati ya pakiti moja na nyingine. Piga hesabu, inakuja 94. Ingekuwa draiva mbovu, namba ingepanda na kushuka: leo 60, kesho 130.

kerneli_safi
Basi ailazimishe: `ethtool -s enp3s0 speed 1000 duplex full autoneg off`. Dakika moja tu.

BiMwana
Hapana kaka. Gigabiti, yaani Mbps 1000, kwenye waya wa shaba haikubali kulazimishwa hivyo. Kiwango chake, 802.3ab cha 1999, kinataka pande mbili zipatane zenyewe, maana lazima ziamue nani anashika saa na nani anamfuata. Ukizima mapatano unaweza kukosa kiungo kabisa.

fundi_nyaya_msa
Wenzangu, mimi naishi kwa kazi hii, nisikilizeni kidogo. Mbps 100 inatumia nyaya nne tu kati ya nane: namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inazitaka zote nane. Uzi mmoja tu ukikatika kwenye 4, 5, 7 au 8, kompyuta na rauta bado zinapatana vizuri kwa zile jozi mbili nzima, zinajaribu 1000, zinashindwa, zinateremka 100. Mwenye nyumba anaona taa inawaka, anadhani waya mzima.

Nimeumwa na jambo hili. Nilifunga mtandao kwenye nyumba ya wageni huku Pwani, vyumba 11, na kamera za ukutani. Tajiri aliniletea boksi la mita 305 alilolipata kwa bei ya chini mno. Nilipolibeba nikahisi ni jepesi, ila nikanyamaza kwa sababu nilihitaji ile kazi, na hilo najilaumu. Miezi mitatu ya kwanza kila kitu sawa. Halafu vyumba vya mwisho vikaanza kushuka 100, kimoja baada ya kingine, na kamera za mbali zinazokula umeme kupitia waya huo huo zikawa zinajizima usiku. Nilibadilisha vichwa vyote vya RJ45 (plagi za mwisho wa waya), nikabadilisha swichi, nikalala pale siku mbili. Mwisho nikachukua wembe nikakwangua uzi mmoja: juu mwekundu, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba! Haipitishi umeme kama shaba, ukiikunja kidogo inavunjika ndani kwa ndani, na penye hewa ya chumvi ndiyo inaoza haraka. Nikaufumua waya wote na kuvuta mwingine kwa pesa yangu.

Kwa hiyo unapokwenda dukani, beba wembe. Muuzaji akikukataza kukwangua, toka.

mtoto_wa_tabata
Pole sana mkuu. Nimeangalia `dmesg` (ujumbe wa kerneli), kuna mstari huu: Downshift occurred from negotiated speed 1Gbps to actual speed 100Mbps, check cabling!

BiMwana
Kerneli yenyewe imekujibu: kasi imeshuka toka 1Gbps hadi Mbps 100, kagua waya. Sasa beba kompyuta sebuleni, tumia waya mfupi uliokuja na rauta.

mtoto_wa_tabata
Nimefanya. Speed: 1000Mb/s, kipimo 196, kwa kadi ile ile ya Realtek. Halafu kuna jambo nilisahau kusema: darini waya umeungwa. Fundi aliyejenga alikosa urefu, akasokota nyuzi na kufunga tepu nyeusi.

fundi_nyaya_msa
Hilo ungelisema tangu mwanzo! Ukisokota hivyo jozi zinafumuka na mguso unalegea. Toa ule muungo.

kerneli_safi
Nakubali kuhusu waya, ila Realtek bado siipendi. Kuna siku kerneli ilisasishwa, ile dkms ikakataa kujijenga, nikawasha mashine haina mtandao kabisa wa kupakulia marekebisho.

BiMwana
Hiyo ni sababu ya kubaki na r8169, siyo ya kununua Intel.

nairobi_west
Ndugu, mimi ningechukua adapta ya USB 3, chipu ya RTL8153. Kesho ukinunua laptopu unaihamisha. Hakikisha tundu ni USB 3, kwa maana USB 2 mwisho wake ni Mbps 480.

fundi_nyaya_msa
Ndugu, adapta ukiichomeka kwenye waya mbovu nayo itashuka 100. Hujasoma?

nairobi_west
Nimesoma, nasema kwa siku za mbele.

mtoto_wa_tabata
Shida ni kwamba bomba la ukutani limejaa saruji, waya mpya hauingii. Kuna kisanduku cha kuungia chenye tundu mbili za RJ45, kinafaa? Au nizungushe waya kwa nje, chini ya paa?

fundi_nyaya_msa
Kisanduku kinafaa kama nyuzi zenyewe ni shaba. Kwa nje nunua waya mweusi wa nje, jua linapasua ule wa ndani. Na fikiria radi.

kerneli_safi
Radi ni kweli. Masika iliyopita jirani yangu aliunguza rauta na tundu la kompyuta kwa pamoja, waya ulipita juu ya paa la bati.

mpya_hapa
Samahani kwa kuingilia. Ubao wangu una tundu la mtandao la gigabiti 2.5, chipu ya RTL8125. Waya wa Cat 5e utaweza au nitafute Cat 6?

BiMwana
5e ya shaba inaweza, hata mita 100. Rauta yako ina tundu la 2.5?

mtoto_wa_tabata
Kesho asubuhi napanda darini na wembe, nitaleta picha.

mpya_hapa
Sijui dada, nitaangalia wapi?