Halmashauri ya mji wetu imeuza njia ya gari la zimamoto, sasa inatuambia moto ni kazi ya polisi

Wakuu, mji siutaji. Bado nafanya biashara pale na wenye vitabu vya risiti wananijua kwa sura. Jueni tu kwamba ni mji mdogo wa mashariki mwa Uganda, kando ya barabara kuu inayopitisha matangi ya mafuta kutoka mpaka wa Kenya kwenda Kampala. Mkidhani ni mji wenu, huenda mko sahihi, maana hadithi hii inaenea barabara nzima.

Soko letu liliungua. Moto ulianzia mstari wa mafundi cherehani, watu wakiwa wameshafunga. Kuna wanaosema ni umeme wa kuungaunga, kuna wanaosema ni pasi ya mkaa iliyoachwa na moto wake. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Ugomvi wangu uko langoni.

Gari la zimamoto lilifika. Nalisema wazi kwa sababu tumezoea kuwatukana zimamoto hata kabla hatujauliza. Lilifika, lilikuwa na maji, na maafande walishuka wakikimbia. Likasimama langoni, likabaki hapo hapo. Halikuwa na pa kupita.

Soko lilipofunguliwa, mchoro wake ulibandikwa kwenye ukuta wa ofisi na wengi wetu tuliuona. Kulikuwa na njia pana inayolikata soko katikati, kutoka langoni hadi nyuma kwenye kisima chenye pampu. Iliachwa hivyo ili lori la takataka liingie, na siku ya balaa gari la zimamoto liingie. Leo hiyo njia ina vibanda pande zote mbili: rolex (chapati za mayai), chipsi, pesa za simu, nywele, vipuri vya boda. Katikati kimebaki kichochoro, mikokoteni miwili haipishani mpaka mmoja urudi nyuma.

Na vibanda hivyo havikuota kama uyoga. Kila kimoja kina namba ya rangi mlangoni. Kila mwenye kibanda ana risiti yenye muhuri wa halmashauri. Alilipa ya kuingilia, analipa ya kila mwezi, na juu yake leseni ya biashara ya mwaka. Kwa hiyo kuna mtu aliyechukua futi kamba akaenda akapima ile njia, akaikata vipande, akavipa namba, akavitoza. Mtu huyo analipwa mshahara na mji. Haya si mambo ya wavamizi wa usiku.

Maafande wakaburura mipira kwa mikono. Mpira ukaishia kwa wauza ndizi, moto uko mbele kabisa. Wakajitahidi kurusha maji kutoka pale. Mnajua gari la kawaida la zimamoto linabeba lita elfu chache tu, na ukifungua mpira kwa nguvu zote maji yanaisha ndani ya dakika chache. Ndivyo ilivyokuwa. Kisima chenye pampu kiko nyuma ya soko, na njia ya kukifikia ndiyo hiyo yenye namba za rangi. Gari likageuzwa, likaenda kutafuta maji nje ya mji. Sisi tukabaki na ndoo, na dada wa vitenge tukimshika mikono asirudi ndani.

Liliporudi, mistari ya kati ilikuwa imeshalala chini, mabati mekundu.

Halafu ukaitishwa mkutano. Viti vya plastiki, hema, soda za wageni. Mheshimiwa mwenyekiti akasema pole sana, karani wa mji akafungua faili, na hoja yao, nikiipunguza, ilikuwa hii: zimamoto haiko chini ya halmashauri, iko chini ya polisi, kwa hiyo malalamiko yapelekwe huko. Bibi mmoja akauliza habari ya malori yanayoegeshwa barabarani usiku. Akaambiwa barabara kuu ni ya wizara. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Sasa tuwatendee haki kwanza, wasije wakasema hatusomi. Ni kweli, Uganda zimamoto ni kurugenzi ndani ya jeshi la polisi. Ukipiga 999 au 112 unapokelewa na polisi. Ng'ambo ya mpaka ni tofauti: katiba ya Kenya ya 2010 ilikabidhi zimamoto kwa kaunti, kwa hiyo Mkenya akiunguliwa anajua wa kumfokea ni gavana. Hapa kwetu mwenyekiti wa LC3, yaani wa halmashauri ya mji, hana gari la zimamoto hata moja na sheria haimdai awe nalo. Barabara kuu nazo zilikuwa za UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, hadi ilipovunjwa mwishoni mwa 2024 na kazi zake kurudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Sawa. Nakubali yote.

Lakini vibanda vya njiani viligawiwa na polisi? Namba zile zilipakwa na wizara?

Sheria ya mipango miji na vijiji ya 2010 inaitaka kila halmashauri ya mji iwe na kamati yake ya mipango. Kamati hiyo haikai kituo cha polisi, inakaa jengo lile lile wanamoandikia risiti. Ushuru wa soko ni wao. Leseni ni zao. Kufagia soko ni kwao, kufunga lango ni kwao, kuamua nani anakaa wapi ni kwao. Gari si lao, ila nafasi ya gari kupita ilikuwa yao, na wameila. Polisi wakileta kesho gari jipya linalong'aa, litasimama pale pale langoni.

Na ndiyo maana nimeandika uzi mmoja wa moto na barabara. Ukitazama vizuri ni biashara moja.

Jioni ikiingia, matangi yanaanza kujipanga kando ya barabara kuu, pua kwa mkia, kuanzia kwenye msikiti hadi karibu na shule ya msingi. Madereva wamechoka, wanataka kula na kulala, siwalaumu. Lakini kijana wa halmashauri anapita na kurunzi na kitabu, anagonga mlango wa kila lori, anakata risiti ya kuegesha. Nimeziona hizo risiti, kuna dereva alinionyesha akicheka. Halmashauri ile ile iliyotuambia barabara si yao inakusanya pesa juu ya barabara hiyo hiyo kila usiku. Barabara ni ya wizara mtoto akigongwa. Risiti ikikatwa, barabara ni ya mji.

Chini ya matangi hayo kuna nini? Sigiri. Akina mama wanakaanga samaki na kuchemsha chai hatua chache kutoka kwenye magurudumu, maana wateja wao ndio hao madereva. Tangi moja la trela linabeba zaidi ya lita 30,000. Na petroli haingojei kiberiti kiguse mafuta yenyewe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unafuata mtaro kama maji, unakwenda kutafuta moto mbali na pale ulipovuja. Ukifika kwenye sigiri, moto unarudi na njia ile ile hadi kwenye tangi. Ukimwagia maji unausambaza tu, mafuta yanaelea. Unahitaji povu, na povu lenyewe linahitaji gari lipite, na barabarani kwetu usiku gari linapita kwa kubahatisha.

Nchi hii haina haja ya kuambiwa habari za matangi. Namungoona, Juni 2013, tangi lilipinduka kwenye Northern Bypass, barabara ya mchepuko ya Kampala, vijana wa boda wakakimbilia kuchota, wakafa zaidi ya 30. Rubirizi, Agosti 2019, tangi lilipoteza mwelekeo, likagonga magari, moto ukaingia hadi madukani pale Kyambura. Kigogwa, barabara ya Bombo, Oktoba 2024, tena tangi, tena watu wanachota, tena mazishi. Kila mara wakubwa wanakuja na kusema wananchi waelimishwe wasichote mafuta. Waelimishwe, ndiyo, nami nawaambia vijana wangu. Lakini usiku kwetu wanaolala kando ya tangi hawachoti kitu. Wamelala tu.

Trela lililoegeshwa gizani lina madhara hata bila kuwaka. Jirani yangu wa boda alilivaa moja kwa nyuma. Halikuwa na viakisi, halikuwa na pembetatu barabarani, taa ya mtaa iliyo juu yake ilikuwa imekufa, na mkia wake ulikuwa umeingia kwenye lami. Yuko hai, mguu hauko. Kwenye vitabu vya polisi ataandikwa majeruhi wa ajali, na pengine chanzo kitaandikwa mwendo kasi, kwa sababu trela haliwezi kuandikiwa kosa la kusimama mahali lilipolipiwa kusimama.

Ripoti ya polisi inasema mwaka 2023 barabara za nchi hii ziliua watu 4,806, na 2024 zikaua 5,144. Tunapanda. Mwaka 2025 serikali ilijaribu ule mfumo wa faini za kamera, watu wakalia kwamba wanakamuliwa, ukasimamishwa Juni mwaka huo huo. Nami nililia nao, siwafichi, faini zilikuwa za kuua. Ila kamera hata ikirudi haitaliona trela lililosimama. Hilo linaonwa na kijana mwenye kurunzi, na yeye ametumwa kutafuta kitu kingine.

Watoto wa shule ndio sitaki hata kuandika sana. Wanatoka kati ya lori na lori, dereva wa basi linalokuja hawaoni mpaka wawe wamefika katikati. Pundamilia ilichorwa mara moja, karibu na ziara ya mkubwa fulani, ikafutika. Matuta tuliomba. Tukaambiwa wizara. Tukaomba basi malori yasiegeshwe mbele ya shule, jambo ambalo halihitaji lami wala bajeti, linahitaji kijana yule asikate risiti kwenye kipande kile. Kimya. Mwalimu mkuu sasa anasimama mwenyewe barabarani na fimbo asubuhi na jioni.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Kuna aliyesema wenye vibanda vya njiani ndio wenye makosa, wavunjiwe. Ndugu, umekosea wa kumpiga. Yule mama wa chapati alikwenda ofisini, akaomba nafasi, akapewa nafasi, akalipa. Angewezaje kujua amenunua njia ya zimamoto? Njia ifunguliwe, ndiyo, hata leo, lakini waliotozwa wahamishiwe mahali pengine kwa gharama ya aliyewatoza. Nikisikia tingatinga linakuja usiku bila hayo, nitakuwa upande wa mama wa chapati.

Mwingine ameuliza mbona nashambulia mji wakati hata soko la Owino, katikati ya Kampala kulikojaa kila kitu, limeungua tena na tena, 2009, 2011 na mara nyingine. Liliungua, kweli. Kwa hiyo? Walioungua Owino wangefurahi kusikia kwamba somo tulilolipata kwao ni kuziba njia?

Na yule aliyeniandikia faraghani kwamba niwe mwangalifu kwa sababu "wakubwa wanasoma": wasome. Ndiyo nia.

Kwa afande mmoja aliyejibu kistaarabu kwamba kituo chao kiliwahi kuonya kuhusu lango: asante, afande. Kama onyo hilo lilikuwa kwa maandishi, basi kuna nakala ofisini kwa karani, na hapo ndipo ninapokwenda. Sheria ya kupata habari ya 2005 inampa raia haki ya kuomba nyaraka za serikali, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ombi nimeshaliandika. Nataka vitu vitatu: mchoro wa soko uliopitishwa, kumbukumbu za kikao kilichoruhusu vibanda kwenye njia ya katikati, na hesabu za risiti za kuegesha malori, zilikusanywa ngapi na zilikwenda wapi. Hakuna hata kimoja kilicho cha polisi wala cha wizara. Hiyo safari ya kutupiana mpira naifunga hapo.

Nawahitaji watu wa saini, hasa wenye vibanda vya njiani, kwa sababu risiti zenu ndizo ushahidi na mnazo mikononi. Zipigeni picha kabla hamjazileta, pande zote mbili, muhuri uonekane. Madereva wa trela mliomo humu, na ninajua mmo, nanyi pigeni za kwenu za kuegesha, ficheni namba ya gari mkitaka. Tunapeleka Jumatatu saa tatu asubuhi, mlango wa masjala, na kila mtu aombe nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, mwiteni diwani wenu kwa simu pale pale mlangoni, muwashe na kipaza sauti.