"Hao wanapima maiki tu": huyu mtu mnamjua wote, mimi na yeye basi!!

Wakuu nimefika nyumbani saa saba usiku, hata koti sijavua, naandika hivi hivi. Jina simtaji, ya nini, kila mtu humu anamjua, yule mzee wa kofia ya ngozi anayejipa uongozi wa kila safari ya kwenda shoo, na kila safari lazima mmoja arudi analia. Leo zamu yangu.

Paul McCartney, yule wa bendi ya Beatles ya Uingereza, 2025 kafikisha miaka 83. Wimbo wao wa Help! Beatles waliacha kuupiga jukwaani Desemba 1965 kule Cardiff, ikalala. 1990 akaichomekea kipande ndani ya mseto wa nyimbo za John Lennon, mwenzake wa Beatles, kikapita. Nzima nzima hajaigusa mpaka Septemba 2025 pale Santa Barbara, watu simu zimefungiwa kwenye vipochi, mzee kapanda jukwaani kafungua shoo nayo! Miaka 60 wakuu!! Na toka siku hiyo kila mji kafungua na hiyo hiyo. Haya yote nilimwambia huyu mtu kwa meseji, nikarudia kwa voisi, nikamwambia mzee wangu ni wimbo wa KWANZA, wenyewe una dakika mbili na sekunde ishirini hivi, hauna hata gitaa la kukupigia hodi ukatafuta siti yako, unaanzia mdomoni, neno lenyewe, papo hapo. Akanijibu dole gumba.

Tiketi zetu wanne zote zipo kwenye simu yake. Tumesimama nje Minneapolis na baridi lile la Oktoba, anakuja anatembea kama bwana harusi. Sawa, tumemeza. Tukapita ukaguzi, nikasema haya sasa mbio, maana mlango wa kuingilia kwenye siti wanacheki tiketi tena. Mzee kakata kona kaenda kwenye tisheti.

Anaipima juu ya koti, anaingiza tumbo ndani, analitoa, L au XL, anamuuliza dada wa watu kama haina rangi nyingine. Simu ile pale kwenye kaunta, chaji asilimia 4. Mara tunasikia uwanja umelipuka. Zege lilitetemeka mpaka bass naisikia magotini. Pale mlangoni kuna bibi mmoja mzungu ana kijifulana cha wahudumu, kafumba macho anaimba wimbo wote, tochi kaikumbatia kifuani. Namwambia mzee NDIYO HIYO! Hata shingo hakugeuza.

"Tulia kijana, hao wanapima maiki tu."

Wanapima maiki! Watu wanapiga mayowe mpaka bati linataka kung'oka kwa ajili ya maiki! Bibi wa watu analia machozi kwa ajili ya maiki!

Marehemu baba alikuwa na kaseti ya huu wimbo, aliurekodi toka redioni, akachelewa kubonyeza, kwa hiyo nyumbani kwetu Tanga Help! ilianzia katikati. Nimekua nao hivyo hivyo umekatwa kichwa. Nikasema safari hii nitausikia toka neno la kwanza, kwa mdomo wa mwenyewe, yupo hai mbele yangu. Nimeusikia nyuma ya ukuta, mtu anachagua saizi. Tumekaa kwenye siti, wimbo wa pili. Na tisheti kanunua L, haimtoshi.

Hao wanapima maiki tu. Nikilala nitaiota.

---

Fundi_Redio: Pole mkuu ila na wewe mtu mzima, tiketi yako inafanya nini kwenye simu ya mwanaume mwenzio? Si angekutumia yako dakika hiyo hiyo aliyonunua. Umejitakia.

Mleta uzi: NILIMUOMBA. Akasema zikitawanyika zitapotea. Zitapotea!! Halafu anakuja kuniambia maiki

Bint_Kariakoo: Nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂😂 "anaingiza tumbo ndani analitoa" namuona kabisa. Harusi ya dada yangu alishikilia kadi za meza nzima, tumeingia keki imeshakatwa.

Kichuguu22: Sasa wimbo wa 1965 si upo YouTube? Dakika mbili tu unafungulia uzi?

Jirani_wa_Ohio: Kichuguu wewe nyamaza, watoto wa juzi hamjui kungoja kitu. YouTube ina zege linalotetemeka?

Profesa_Bass: Tuwekane sawa, Help! kwa sehemu kubwa ni kazi ya Lennon, na alikuja kusema mwenyewe alikuwa anaomba msaada kweli. McCartney alikuwa muitikiaji. Na ile ya 1990 ilikuwa Liverpool, mleta uzi asiiite kipande kana kwamba ni takataka, watu wa Liverpool walilia siku ile.

Mleta uzi: Profesa hakuna aliyesema takataka. Ningeipata hata hiyo ya kipande leo ningeshukuru

PwaniYetu: Kila siku Beatles, Beatles. Freddie Mercury kazaliwa Unguja 1946, mtoto wa nyumbani kabisa, humu hana hata uzi mmoja wa maana.

Fundi_Redio: Freddie kaingiaje hapa sasa

Shangazi_wa_Dallas: Huyo huyo mzee wa kofia aliniazima santuri yangu ya Mlimani Park, Sikinde wenyewe, kairudisha ina duara la kikombe cha chai! Nikimuuliza anasema ndiyo ilivyokuja. Mwaka wa pili huu sindano ikifika kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, inaruka inarudi nyuma, inaruka inarudi nyuma. Wewe umekosa dakika mbili, mimi nimekosa chemko lote.

Msondo_Damu: Shangazi hapo Mungu kakusaidia, Sikinde ya nini. Sisi Msondo tupo toka tukiitwa NUTA Jazz 1964, nyie mmekuja 1978. Na mwimbaji Muhiddin Maalim mlimtoa wapi kama siyo kwetu?

Shangazi_wa_Dallas: Mlishindwa kumtunza, tukamtunza sisi. Mkamuona anang'aa ndiyo mkaanza kumlilia

Msondo_Damu: Akarudi kwao akastaafia Msondo, kesi imekwisha

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa Help! na huyu mzee, naombeni

Bint_Kariakoo: Mwenzangu nimepita dukani saa hizi, yupo kwenye foleni ya mchele, kaivaa. Imembana mpaka kitovu kinachungulia. Ananiambia shoo ilikuwa safi sana, "tuliwahi mapema".

Mleta uzi: TULIWAHI?????

Kichuguu22: 😂😂😂😂

PwaniYetu: Bint hilo duka mchele wa Mbeya unapatikana? Hapa kwetu tunauziwa vumbi.

Profesa_Bass: Mwimbaji kuhama bendi siyo kosa, Msondo na Sikinde wote wamebebana hivyo hivyo. Fungueni uzi wenu.

Msondo_Damu: Shangazi ila tukiacha utani, kilichoharibika ni upande A au B? Mimi Msondo lakini hiyo santuri ninayo, nilirithi kwa mjomba, B haina hata mkwaruzo. Njoo PM.

Shangazi_wa_Dallas: Ni B!! Nakuja.