Riwaya za enzi za ukoloni, Peponi, Shujaa Okonkwo, Boi, Vuta N'kuvute: ipi ilikugusa zaidi?

Kurasa_Njano
Habari zenu wakuu. Nimemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na moyo bado haujatulia. Yusuf anawekwa rehani na baba yake mzazi kwa ajili ya deni, huku mtoto mwenyewe akiamini yule tajiri anayemchukua ni ndugu yao. Mjerumani haonekani sana, ila kadiri msafara wa biashara wa tajiri huyo unavyozidi kuingia bara ndivyo unavyohisi yuko njiani. Nikiilinganisha na Shujaa Okonkwo ya Chinua Achebe, Peponi imeniumiza zaidi, maana hakuna zama nzuri za kuzililia: watu walikuwa wakifungwa kwa madeni kabla bendera ya mgeni haijapanda. Mnaonaje? Na kati ya Boi na Vuta N'kuvute nianze na ipi?

Mama_Msomaji
Mwanangu, hapo kwa Achebe sikubaliani nawe. Umuofia, kijiji cha Okonkwo, nayo si pepo. Mapacha wanatupwa msituni, na Ikemefuna anauawa kwa mkono wa Okonkwo, mtu aliyekuwa akimwita baba. Nwoye, mwana wa Okonkwo, hamsahau, na wamisionari wanapofika wanamkuta tayari ana jeraha. Mimi kama mzazi macho yangu humfuata Nwoye kuliko baba yake. Halafu ule mwisho! Maisha yote tuliyoyaishi kitabu kizima, mkuu wa wilaya wa kikoloni anayawazia aya moja tu katika kitabu chake. Kila nikifika hapo nakasirika upya.

Mtu_wa_Forodhani
Shikamoo mama. Mimi nasimama na Adam Shafi. Vuta N'kuvute inatupeleka Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozeshwa, ndugu zake wanamkataa, anapokewa na Mwajuma kule Ng'ambo. Wanaimba taarabu, wanapendana, wanagombana, na hapohapo Denge na wenzake wanapambana na serikali ya Mwingereza. Riwaya nyingi za wakati ule zinanipa watu wanaoteswa tu. Hii inanipa watu wanaoishi. Kuli, ya mwandishi huyohuyo, inahusu wachukuzi wa bandarini na mgomo wa 1948. Naiheshimu, lakini Rashidi, mhusika wake mkuu, anazinduka kama mwanafunzi anayefuata somo. Denge ana damu zaidi.

Daftari_la_Kale
Msiipite Boi haraka. Ferdinand Oyono aliiandika kwa Kifaransa, ikatoka 1956, Kameruni ikiwa bado chini ya Ufaransa. Toundi, mtumishi wa nyumbani, anaandika kila anachokiona kwa bwana wake, mkuu wa kikoloni. Siku anapomwona mkuu huyo akioga na kugundua hajatahiriwa, hofu yote inamtoka. Nilisimama kusoma nikatafakari: utawala mzima ulitegemea watu kama Toundi wasiwaone wakubwa uchi. Baadaye anajua pia siri ya mke wa bwana na mkuu wa gereza, na kujua huko ndiko kunakomwangamiza. Katika zote nne, hii ndiyo inayoingia ndani kabisa ya nyumba ya mtawala. Shujaa Okonkwo inamtazama mzungu kutoka kijijini, Peponi inamtazama kutoka barabarani.

Kurasa_Njano
Asanteni sana. Mama, na wanawake je? Amina wa Peponi hanitoki kichwani.

Mama_Msomaji
Wala mimi. Amina naye kaingia nyumba ile kwa deni, kaolewa na mdai, yule yule tajiri aliyemchukua Yusuf, na anaijua hali yake vizuri kuliko Yusuf anavyoijua yake. Ila mlango hauoni. Yasmin anatoka, kwa sababu yupo mtu wa kumfungulia. Kwangu huo ndio mlinganisho mzito kuliko wa nani kamchora mkoloni vizuri. Basi anza na Vuta N'kuvute wakati Amina bado yumo moyoni, uwaweke pamoja. Boi ifuate. Ni fupi, lakini usiisome ukiwa na haraka, hasa sehemu ya gerezani.

Mtu_wa_Forodhani
Naunga mkono. Na ukifika kwa Mwajuma, urudi utuambie, maana watu wanamzungumza Denge tu wakati nyumba iliyowahifadhi wote ni ya yule mwanamke.