MJADALA: Hassan al-Wazzan alisafiri, au alichukuliwa?

Mwinyi wa Pangani

Wanajamvi, salaam.

Nimemaliza kusoma Leo Africanus, riwaya ya Amin Maalouf, Mlebanoni anayeandika kwa Kifaransa. Ilitoka 1986. Kila anayeitaja huisifu kuwa ni kitabu cha mtu huru aliyepita baina ya dini na mataifa, na kote akawa mwenyeji. Mimi nina ugomvi nayo.

Kwa ambaye hajaisoma: mhusika wake mkuu, Hassan al-Wazzan, ambaye Ulaya ilimwita Leo Africanus, aliishi kweli. Alizaliwa Granada, kusini mwa Hispania, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waislamu. Mji ulipoangukia mikononi mwa Ferdinand na Isabella, wafalme wa Kikristo wa Hispania, mwaka 1492, ukoo wake ukahamia Fez, Morocco. Huko akasoma, akawa mjumbe wa sultani, akafika Timbuktu akiwa bado kijana mdogo, baadaye Cairo na Istanbul. Mwaka 1518 maharamia wa Kihispania wakaiteka meli aliyopanda. Walipogundua wamenasa msomi, wakampeleka Roma wakamtoa zawadi kwa Papa Leo X. Akafungwa katika ngome ya Castel Sant'Angelo, na tarehe 6 Januari 1520 akabatizwa kanisani kwa Mtakatifu Petro. Papa akamvika majina ya kwake mwenyewe: Johannes Leo de Medicis.

Maalouf anamfanya Hassan amsimulie mwanawe maisha hayo, mwaka baada ya mwaka, kwa sauti ya mtu aliyetulia: hana nchi, hana kabila, lugha zote zake na sala zote zake. Maneno matamu, sikatai. Lakini sisi wa pwani hii tunajua mtu anayekamatwa baharini, akafungiwa, akapewa bwana na jina jipya huitwa nani. Haitwi msafiri. Riwaya imeuchukua utumwa ikaupaka rangi ya safari, nasi tunapiga makofi. Mwandishi ana haki hiyo juu ya mtu aliyekuwa na damu na nyama?

BintMvita

Kaka Mwinyi, riwaya umeisoma, lakini Hiba umemruka.

Safarini kusini, Hassan anamsomea mtawala mmoja wa milimani shairi la kumsifu, anatuzwa kijakazi. Ndiye Hiba. Anampokea, anampenda, wala hajiulizi mwenzake anaonaje. Miaka inapita, na yeye mwenyewe anakabidhiwa kwa Papa vilevile, kama kitu. Mwandishi ameziweka zawadi mbili katika kitabu kimoja, akanyamaza, akamwachia msomaji. Sasa nani hapa ameufunika utumwa?

Tena Hassan wa kweli, katika kitabu chake juu ya Afrika, anaeleza soko la watumwa la Gao, mji wa Afrika Magharibi, na kutaja bei ya msichana wa miaka 15. Anaitaja kama anavyotaja bei ya nguo. Huyo ndiye unayemlilia.

Ustadh wa Kigamboni

Assalaam alaykum. Naona neno "murtadi", yaani aliyeuacha Uislamu, linaninginia ingawa hakuna aliyelitamka, basi tulimalize mapema.

Aya ya 106 ya Suratun-Nahl inamtoa katika lawama aliyelazimishwa hali moyo wake umetulia juu ya imani. Wafasiri wengi huihusisha na Ammar bin Yasir, sahaba aliyeteswa ili aikane dini. Na kwa watu wa Hassan hasa hili halikuwa suala la vitabuni tu. Mkataba wa kuusalimisha mji wa Granada uliahidi kwamba Waislamu wangeachiwa dini yao. Haikupita miaka kumi wakaanza kubatizwa kwa nguvu, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa moto. Mwaka 1504 mufti mmoja wa Oran akawaandikia Waislamu wa Hispania fatwa: mkilazimishwa kuinamia masanamu, inameni na nia yenu iwe kwa Mwenyezi Mungu, mkilazimishwa pombe, kunyweni bila kuihalalisha nyoyoni. Hassan alibatizwa miaka 16 baada ya fatwa hiyo. Moyo wake tumwachie aliyeuumba.

Mwinyi wa Pangani

Sheikh, shukrani, na hapo umenipa silaha. Ikiwa moyo wa aliyelazimishwa tunamwachia Mungu, Maalouf ameingiaje mle ndani na kuukuta umetulia?

Tutazame alichoandika mtu mwenyewe. Mwaka 1524 alimtengenezea Jacob Mantino, tabibu wa Kiyahudi, kamusi ya Kiarabu, Kiebrania na Kilatini. Mwishoni ametia sahihi kwa Kiarabu: Yuhanna al-Asad (yaani Johannes Leo, Yohana Simba) wa Granada, ambaye zamani akiitwa al-Hasan bin Muhammad al-Wazzan wa Fez. Miaka minne baada ya ubatizo bado anayaandika majina yote mawili, na la kale analitaja na baba yake na mji wake. Mwaka uliofuata alikuwa akisahihisha tafsiri ya Kilatini ya Qur'ani ya Kadinali Egidio da Viterbo. Mimi sahihi ile naisoma kama ya mtu anayehesabu alichonyang'anywa.

BintMvita, la Hiba ni kweli na ni zito. Lakini msomaji wa kawaida anafunga kitabu akiwa na picha gani kichwani, ya Hiba au ya yule mzee wa sala zote?

Msomaji wa Mwanza

Ndugu Mwinyi, unamfanya Hassan bubu. Alitolewa ngomeni, akazunguka Italia, akaandika kitabu kikubwa juu ya Afrika akakimaliza 1526. Humo mna kisa cha ndege anayeweza kuishi nchi kavu na majini. Mfalme wa ndege akidai kodi, anapiga mbizi na kusema mimi samaki. Mfalme wa samaki akija kudai, anaruka na kurudi kwa ndege. Hassan anasema naye atafanya hivyo hivyo: Waafrika wakisemwa vibaya, atasema amezaliwa Granada, wa Granada wakisemwa, atasema amelelewa Afrika.

Mtu anayeandika hivyo chini ya pua za makadinali anajua anachokifanya, na anacheka. Maalouf hakuanza na kurasa tupu.

Mwinyi wa Pangani

Anacheka, naam, lakini ndege yule anakwepa kodi, ndugu yangu. Hakusema bahari yake na anga lake.

Kijana wa Ujiji

Wakubwa shikamooni. Naona mnabishana kuhusu uchungu wa Hassan, na hakuna aliyetaja uchungu alioupeleka kwa wengine.

Kitabu chake kilichapishwa Venice mwaka 1550 na mhariri Ramusio, ambaye alikigusagusa ili mwandishi asikike Mkristo zaidi. John Pory akakitoa kwa Kiingereza mwaka 1600. Kwa miaka mingi Ulaya iliijua Afrika ya ndani kwa macho ya kitabu hicho. Humo Timbuktu inasifiwa: mfalme anawaheshimu wanazuoni, na vitabu vinavyoletwa kwa mkono vina faida kuliko bidhaa nyingine. Hilo tunalinukuu kila siku kwa fahari. Lakini humo humo anasema watu weusi waliishi kama wanyama kabla ya Waislamu kuwafikia. Hilo hatulinukuu. Riwaya nayo inampenda mno mhusika wake kiasi cha kutotusimamisha hapo. Kwangu kosa la Maalouf liko huku, wala si kwenye ngome ya Papa.

BintMvita

Marahaba mwanangu. Hapo umenena, na sina la kukujibu ila kwamba Ramusio anabeba sehemu. Muswada wenyewe uliibuka Roma mwaka 1931, na wanaoulinganisha na chapa ya Venice wanakuta tofauti nyingi. Ila yale maneno ya watu weusi usitarajie kumsukumia Ramusio yote.

Mama wa Ng'ambo

Nachomeka la kwetu Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Alipata mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akatoroka mwaka 1866 kwa meli ya Waingereza. Mwaka uliofuata akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo. Huyu hakutekwa, alichagua. Mume akafa 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki Ujerumani na watoto. Alipoandika kumbukumbu zake, zilizotoka 1886, alisema aliondoka kwao Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na sasa amekuwa Mkristo mbaya na Mjerumani nusu na kidogo.

Aliyechagua anaandika hivyo kwa mkono wake. Wa riwaya, aliyetekwa, anatuambia yuko sawa. Nipo na Mwinyi.

Msomaji wa Mwanza

Bibi, Salme alikuwa mjane mwenye madeni katika nchi ya baridi. Hassan alikuwa msomi anayetafutwa na makadinali. Hali hazilingani. Na kuna sensa ya Roma ya mwaka 1527 inayotaja nyumba ya watu watatu chini ya jina la Johannes Leo. Kama ndiye, basi alikuwa na mke, pengine na mtoto. Mtu huweza kupenda mahali alipopelekwa kwa nguvu.

Mwinyi wa Pangani

Aweza. Lakini mwaka huo huo wa 1527, mwezi Mei, askari wa Kaizari Karl V, mtawala wa Hispania na Ujerumani, walipouvamia mji na kuupora, anapotea Roma. Miaka michache baadaye mwanazuoni wa Kijerumani, Widmanstetter, anasikia kwamba yuko Tunis na amerudi katika Uislamu. Mlango ulipopasuka tu, akatoka.

BintMvita

Roma ilikuwa inaungua, kaka. Nani hakutoka? Na riwaya yenyewe inaishia melini, Hassan na mwanawe wakielekea Tunis. Maalouf hakumbakiza kwa Papa.

Mwinyi wa Pangani

Hakumbakiza, ila alimsafirisha bila kinyongo. Nionyeshe ukurasa anaowadai wale maharamia, nami nitaufunga uzi huu.