Baridi ya wastaafu Arizona: Mesa, Green Valley, Yuma au jangwani Quartzsite?

BintiMinneapolis
Shikamooni wakubwa. Nauliza kwa niaba ya wazazi wangu. Wote wamestaafu, wamevuka miaka 65, wana nyumba yao Minneapolis na wanataka kuikimbia theluji kuanzia Desemba hadi mwisho wa Machi. Baba ni raia wa Marekani, ana kisukari na anajidunga insulini. Mama ana pasi ya Tanzania na kadi ya ukaazi wa kudumu. Bima yao ya afya ni Medicare Advantage (Medicare, bima ya serikali ya wazee, ikiendeshwa na kampuni binafsi) ya aina ya HMO, yaani inayomfunga mtu kwenye mtandao wa madaktari wa eneo lake.

Tumebaki na chaguo nne, zote Arizona: kupanga kijumba cha Park Model Mesa, kupanga nyumba Green Valley, kukodi kiwanja cha RV (magari na treila za kuishi) Yuma (treila wanayo, ya futi 28), au kuegesha treila hiyohiyo jangwani Quartzsite kwenye ardhi ya serikali. Nisaidieni kupima hospitali, hali ya hewa, gharama, na wajukuu kuja kutembea.

MzeeSonora
Marahaba mwanangu. Anza na bima, maana hapo ndipo safari nyingi za wazee zinapoharibikia. HMO ya Minnesota ikiwa Arizona hulipia dharura na matibabu yasiyoweza kusubiri, basi. Daktari wa kawaida, vipimo vya sukari vya kila miezi mitatu, mtaalamu wa macho, vyote viko nje ya mtandao wake na mnaweza kujilipia wenyewe. Medicare ya asili inapokelewa na daktari yeyote nchini anayekubali Medicare, Mesa sawa na Minneapolis.

Dirisha la kubadilisha mpango ni Oktoba 15 hadi Desemba 7, na mpango mpya huanza Januari 1. Kabla ya kuiacha Advantage ulizeni kwanza kama kampuni itampa baba bima ya nyongeza ya Medigap. Nje ya vipindi maalumu, katika majimbo mengi kampuni inaruhusiwa kuangalia afya ya mtu na kumkataa, na kisukari ni sababu inayotumika. Kama njia hiyo ni ngumu, tafuteni Advantage ya PPO (inayokubali pia madaktari wa nje ya mtandao) yenye kipengele cha wasafiri.

Hali ya hewa haitawaamulia. Januari mchana Mesa na Yuma hufika 20 au 21°C, usiku hushuka hadi 7 au 8. Green Valley iko karibu mita 880 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku kuna baridi zaidi na asubuhi nyingine utakuta umande umeganda kwenye kioo cha gari. Mwenye viungo vinavyouma atauhisi utofauti huo. Jua lenyewe liko kote, na Yuma ndiyo inayoongoza.

Kwa kisukari na insulini, mimi ningewapeleka Mesa bila kusita. Hospitali kubwa ni nyingi, wataalamu ni wengi, na uwanja wa ndege wa Phoenix uko jirani kwa ndege ya moja kwa moja ya Minneapolis.

FundiSola
Kuhusu Quartzsite, kwa kuwa watu husikia bei wakasahau mengine.

Eneo la kukaa muda mrefu linaitwa La Posa, chini ya idara ya ardhi ya serikali, BLM. Kibali cha msimu mzima, Septemba 15 hadi Aprili 15, kwa miaka mingi kilikuwa dola 180, na cha siku 14 dola 40; ulizeni bei ya sasa. Kibali hichohicho kinakuruhusu kuhamia maeneo mengine ya aina hiyo Arizona na California, likiwemo Imperial Dam karibu na Yuma. Nje ya maeneo hayo ardhi ni bure, lakini ni siku 14 ndani ya siku 28, kisha unatakiwa usogee zaidi ya maili 25.

Sasa hesabu. Usiku wa Januari jiko la kupashia joto treila huwaka jumla ya saa 4 hadi 5. Feni yake inavuta ampea 7 hivi, kwa hiyo ni ampea-saa 30 hadi 35. Taa, pampu ya maji, simu na bodi ya friji, weka nyingine 30. Jumla ni 65 hivi kwa siku. Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo moja haitoshi hata usiku mmoja. Wekeni lithiamu ya 200, mkikumbuka kwamba lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kaeni na betri ndani, si kwenye ulimi wa treila.

Paneli ndizo zinazowadanganya watu. Desemba jua la adhuhuri Quartzsite halipandi zaidi ya nyuzi 33 kutoka upeo wa macho. Paneli ya wati 400 iliyolala bapa juu ya paa hupata kama saa 3 tu za jua kamili, na ukitoa upotevu unabaki na chini kidogo ya uniti moja ya umeme. Inatosha kwa siku nzuri, ila siku kadhaa za mawingu zikifuatana betri imeisha. Inueni paneli nyuzi 50 hivi kuelekea kusini, mtapata nusu zaidi au hata kupita hapo. Egesheni treila kabisa mkiwa mmeshajua upande wa kusini uko wapi.

Gesi: jiko la BTU 25,000 likiwaka saa 4 na nusu linakula galoni 1.2. Mtungi wa paundi 20 una galoni 4.7, kwa hiyo ni usiku 4, pungufu kama friji na maji ya moto vinatumia gesi hiyohiyo. Msiwashe jiko la kupikia kupasha chumba. Kifaa cha kutambua hewa ya monoksaidi kina tarehe ya kuisha muda nyuma yake, isomeni kabla ya safari.

Maji: wawili wanaojibana hutumia lita 30 kwa siku, tangi la lita 150 ni siku 5. La Posa Kusini kuna bomba na mahali pa kumwaga machafu, ila Januari foleni ni ndefu. Lori la kunyonya linakuja hadi mlangoni kwa malipo.

Ukijumlisha betri, paneli, gesi na mafuta ya kwenda kufuata maji, mwaka wa kwanza Quartzsite haiko rahisi kama kibali kinavyoonekana. Na mji hauna hospitali, ya Parker iko maili 35. Kwa mtu wa insulini hilo peke yake linatosha kusema hapana.

NesiTucson
Naongeza jambo ambalo watu wetu hawaambiwi. Arizona kuna ugonjwa wa mapafu uitwao Valley Fever, unaoletwa na kuvu wanaoishi udongoni. Upepo ukipeperusha vumbi, au watu wakichimba, unavuta mbegu zake. Dalili huja wiki 1 hadi 3 baadaye: kikohozi, homa, uchovu mkubwa, viungo kuuma, wakati mwingine vipele. Wengi hupona wenyewe. Lakini wenye kisukari wako kwenye hatari ya kuumwa mapafu vibaya zaidi, na watu weusi wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kusambaa nje ya mapafu, hadi mifupa na utando wa ubongo. Baba ana yote mawili.

Sisemi asije. Asikae upande wa upepo kwenye kiwanja kinachojengwa, afunge madirisha siku ya vumbi na avae barakoa ya N95 akilazimika kutoka. Jangwani Quartzsite, magari yakikatiza barabara za mchanga kutwa nzima, vumbi halikwepeki.

Kosa kubwa hutokea baada ya kurudi. Mtu anakohoa Minneapolis mwezi wa Aprili, daktari anadhani ni nimonia, anampa antibayotiki, haifanyi kazi kwa sababu ile ni kuvu. Amwambie daktari waziwazi: "Nilikuwa Arizona, naomba kipimo cha damu cha Valley Fever."

Insulini: chukueni ya siku 90, na hamishieni dawa zote kwenye duka la dawa lenye matawi majimbo yote mawili. Kwenye friji ya treila isigusane na mapezi ya nyuma, huganda, na insulini iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana safi.

Phoenix na Mesa nazo zina tatizo lake. Asubuhi za baridi hewa chafu hunaswa chini, na mkesha wa Krismasi na Mwaka Mpya moshi wa kuni na fataki huwa mzito. Mwenye pumu achague Green Valley.

BiYuma
Mmeisahau Yuma. Ni mji kamili wenye hospitali kubwa, maduka yote, na viwanja vya RV vyenye umeme wa ampea 30 au 50, maji na bomba la machafu. Kodi ya msimu ni nafuu kuliko Mesa kwa kiwanja cha hali ileile. Kabla ya kulipa amana ulizeni mambo matatu: umeme uko ndani ya kodi au una mita yake (kwa msimu mara nyingi una mita), treila ya zaidi ya miaka 10 inakubalika au la, na wageni wanaruhusiwa siku ngapi. Wengi wataomba picha ya treila.

Mkishaunganisha bomba la machafu, koki ya tangi la choo ibaki imefungwa hadi tangi lifike theluthi mbili, ndipo mfungue. Ikiachwa wazi maji hukimbia peke yake na kinyesi hubaki kinakauka chini, na kukitoa ni kazi ya mtaalamu. Maji ya Yuma yana chumvi nyingi, na presha inaweza kuzidi uwezo wa mabomba ya treila, kwa hiyo fungeni kidhibiti cha psi 45 hadi 50 pale kwenye bomba la kiwanja.

Faida ya pili ni Los Algodones, Meksiko, mji mdogo uliojaa madaktari wa meno, wauza miwani na maduka ya dawa. Unaegesha upande wa Marekani kwa malipo, unavuka kwa miguu. Mpaka hufungwa saa nne usiku. Nendeni asubuhi, maana saa za mchana Januari hadi Machi foleni ya kurudi ni ya kusimama juani. Baba abebe pasi yake. Mama abebe pasi ya Tanzania na kadi ya ukaazi, zote mbili na zikiwa hai. Meksiko inamruhusu bila viza kwa kadi hiyo. Medicare kwa kawaida hailipii matibabu ya huko.

Kuziba jino au kuweka kofia ya jino kunawezekana ndani ya ziara chache. Jino la kupandikiza ni habari nyingine: mfupa unahitaji miezi 3 hadi 6 kushika, kwa hiyo waanze wiki ya kwanza ya Desemba au wajue watamalizia msimu unaofuata.

Ubaya wa Yuma nausema pia: ndege za kivita za kambi ya wanamaji zina kelele, na mashamba ya mboga yanayolisha Marekani majira ya baridi yana harufu ya mbolea. Angalieni ramani kabla ya kuchagua kiwanja.

Mtoronto
Kwa wanaosoma kutoka Kanada: Mkenya au Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu wa Kanada anahitaji viza ya Marekani, ile ruhusa ya kuingia bila viza ni ya raia wa Kanada. Hesabuni siku mnazokaa Marekani: za mwaka huu zote, theluthi ya mwaka jana, sehemu moja ya sita ya mwaka juzi. Zikifika 183 jazeni fomu 8840, la sivyo Marekani itawahesabu wakaazi wa kodi. Siku 120 kila mwaka zinabaki chini ya mstari. OHIP, bima ya afya ya jimbo la Ontario, inaruhusu kuwa nje siku 212 ndani ya miezi 12, lakini hulipa kidogo mno hospitali za Marekani. Nunueni bima ya safari na mtaje kila ugonjwa.

BintiMinneapolis
Asanteni sana. Quartzsite tumeifuta. Je, wajukuu? Wana miaka 6 na 9, wanakuja wiki mbili. Na nyumba ya huku nitaiachaje?

MzeeSonora
Jumuiya za miaka 55 na zaidi zina nguvu ya sheria ya shirikisho ya 1995: angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na angalau mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Kutembelewa na wajukuu kunaruhusiwa, ila kila mahali pana kikomo chake cha siku, na bwawa la kuogelea huwa na saa maalumu za watoto. Ombeni kanuni kwa maandishi. Park Model ni futi za mraba 400 tu, watu wanne wiki mbili watabanana. Green Valley, nyumba ya vyumba viwili inapumua. Epukeni Februari ya mwisho na Machi kwa ndege za watoto, Mesa hujaa mashabiki wa besiboli na bei hupaa.

Nyumba ya Minneapolis: fungeni koki kuu ya maji, fungueni mabomba yote yamwagike, zimeni hita ya maji, mimineni dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda kwenye mabomba yaliyopinda chini ya sinki na kwenye choo. Themostati isishuke chini ya 13°C. Kama nyumba inapashwa na boila ya maji, mwiteni fundi kwanza, kwa sababu kufunga koki kuu kunaweza kuinyima boila maji ya kujijaza. Someni bima ya nyumba inataka mtu apite kila baada ya siku ngapi. Na theluji ya njia ya miguu mbele ya nyumba, jiji linataka isafishwe ndani ya saa 24 baada ya kuacha kuanguka, kwa hiyo mlipeni mtu mapema. Barua za uhamiaji mara nyingi posta haizipeleki kwenye anwani ya muda, hurudishwa zilikotoka, hivyo ya mama ikisubiriwa, ombeni itumwe kwenye anwani yako.

MamaUvira
Mesa kuna Mekong Plaza, soko la Waasia, mtapata muhogo na samaki mkavu. Unga wa mahindi wa maduka ya Wameksiko, ule wa tortila, umepikwa na chokaa, ugali wake unanata na ladha ni nyingine. Chukueni unga mweupe wa kawaida. Phoenix na Tucson kuna familia nyingi za Wakongo na Warundi, wazee hawatakosa wa kusema nao. Simu ya nyumbani pia ni rahisi: Arizona haibadilishi saa, Dar iko mbele saa 10 mwaka mzima. Hapo saa mbili usiku, kwao saa kumi na mbili asubuhi.

FundiSola
Kama wanaivuta treila hadi Yuma, njia fupi ya I-40 inapita Flagstaff, mita 2,100, na Desemba barabara wakati mwingine hufungwa kwa theluji. Kutoka Albuquerque washuke I-25 hadi Hatch, wakate kwa barabara ya 26 hadi Deming, washike I-10. Matairi ya treila yenye zaidi ya miaka 6 yabadilishwe hata kama kashata zake ni nzima. Tarakimu nne za mwisho ubavuni baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3219 ni wiki ya 32 ya 2019.