Tupeane uzoefu: madereva wa auto na maisha ya kila siku pwani ya India

Mzigua wa Chanika

Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao nampeleka mama Chennai kwa matibabu, halafu tutapitia Kochi kumwona mdogo wangu anayesoma kule. India nimewahi kufika mara moja tu, Mumbai, siku nne za kikazi. Chakula hakikunishinda, joto ni hili hili la Dar. Kilichonitoa jasho ni madereva.

Nilitua saa tisa usiku. Nikaita teksi kwa simu, gari likaja, nikapakia begi, nikaingia, nikafunga mlango. Dereva hawashi gari. Akageuka: "OTP?" Nikamtajia hoteli. "OTP, OTP." Nikamtajia tena hoteli, safari hii kwa sauti ya juu, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yake. Tukabishana hivyo mpaka wa nyuma yetu wakaanza honi. Akachukua simu yangu mkononi, akagusa kioo kwa kidole: namba nne zilikuwa zimekaa pale muda wote. Kumbe kule hupelekwi popote mpaka umtajie dereva hizo namba, ndiyo safari ifunguke kwenye simu yake. Njia nzima alikuwa anacheka peke yake.

Sasa mimi nikihangaika ni sawa, mama sitaki ahangaike. Wenye uzoefu wa Chennai, Kochi na pwani nzima ya kule, mwageni hapa. Bajaji (wao wanaita auto), bei, lugha, namna ya kuishi nao.

Mama wa Tabata

Mwanangu, pole na uuguzaji. Mimi nilikaa Chennai kuanzia katikati ya Oktoba mpaka wiki ya tatu ya Desemba 2016, mume wangu kapasuliwa moyo. Waliokuwepo miezi hiyo watajua kwa nini nataja mwaka.

Kwanza bei. Auto ya Chennai ina mita, ila mita hiyo ni pambo. Serikali ya jimbo ilipanga nauli mwaka 2013, rupia 25 kwa kilomita 1.8 za mwanzo na 12 kwa kila kilomita inayofuata, lakini ukimtajia dereva hayo anakutazama kama umemsomea gazeti la zamani. Atakwambia mita mbovu. Akikubali kuiwasha atasema "meter-ku mela", yaani juu ya mita umwongeze kumi au ishirini. Elewaneni kabla hujakalia kiti. Ukishakaa umeshindwa.

Pili, usimwite dereva "hey" wala kumpigia mluzi. Mwite anna, kaka mkubwa, hata kama umemzidi umri. Yeye atakuita amma, yaani mama. Mimi nilipoitwa amma siku ya kwanza nilijisikia niko Tabata.

Wa kwangu alikuwa anaegesha nje ya loji yetu. Mbele ya usukani alikuwa na Ganesh wa plastiki, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, na chini ya bampa amening'iniza ndimu moja na pilipili mbichi kwenye uzi, kinga ya macho ya watu. Kila asubuhi hospitali, kila jioni loji, rupia 60. Tarehe 8 Novemba, saa mbili usiku, nikasikia kelele mapokezi, wote wamesimama mbele ya televisheni. Waziri Mkuu katangaza kwamba kuanzia usiku wa manane noti za 500 na za 1,000 si pesa tena. Mimi nina rupia 43,000 kwenye mkoba, zote za 500, nimezibadilisha wiki ile ile.

Asubuhi nikamwambia anna sina pesa, nitatembea kwa miguu. Akatikisa kichwa kile wanavyotikisa, upande huu na upande huu, sikujua ni ndiyo au hapana. Akapanda, akawasha. Benki zilipofunguliwa alinipeleka mwenyewe, akanitafutia foleni ya wanawake, akanijazia fomu maana maandishi yale sikuyaelewa. Saa tano juani, pasipoti mkononi, ili nibadilishiwe rupia 4,000. Na dirishani nikapewa noti mbili mpya za 2,000, za rangi ya waridi, ambazo hakuna mtu mji mzima mwenye chenji yake. Hata chai hainunuliki.

Basi akanikopesha usafiri karibu mwezi mzima. Alikuwa na kalenda ndogo ya dukani nyuma ya kinga ya jua, kila safari anachora kijistari kwa kalamu, na kila tano anazikata kwa mshazari, vile vile tunavyohesabu magunia sisi.

Tarehe 5 Desemba usiku akafariki Jayalalithaa, waziri mkuu wa jimbo. Watu wake nao walimwita Amma. Kesho yake mji ukafungwa, hata muuza maji hayupo. Anna hakuja. Alikuja siku ya pili, hajanyoa ndevu, akasema "Amma" akanyamaza, na mimi kwa ujinga wangu nikaitika.

Wiki haijapita kikaja kimbunga Vardah, tarehe 12, Jumatatu. Miti ya barabara nzima ililala chini, umeme hakuna siku kadhaa, simu zikafa. Loji ilitupa mshumaa mmoja kwa chumba. Yule bwana alitembea kwa miguu kutoka kwake, suruali imekunjwa magotini, kaleta idli, vile vikate vyao vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, kwenye jani la mgomba, zimefungwa na gazeti. Alikuwa na watoto watatu na auto yenyewe si yake, anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni kama vijana wetu.

Siku ya kuondoka tukahesabu vijistari. Nikamlipa yote. Akahesabu, akaniambia bado kumi: meter-ku mela. Na mita ile hatukuwahi kuiwasha hata siku moja.

Kijana wa Mvita

Mama, hiyo ya kuitika umenimaliza.

Mzigua, Kochi na jimbo zima la Kerala ni dunia nyingine. Nimesoma kule miaka mitatu. Dereva amevaa shati la kaki, Kozhikode, mji wa kaskazini yake, mita inawashwa mara nyingi bila kuombwa, na mwaka 2022 nauli ya chini ilipangwa rupia 30 kwa kilomita moja na nusu. Wewe tembea na noti ndogo ndogo, maana wimbo wao mmoja: "chillara illa", chenji hakuna. Mwite chettan, kaka. Ukipanda juu mpaka Kozhikode, kwenye mitaa ya Waislamu, wanaitana ikka. Na kile kichwa kinachoyumba ni ndiyo, au nimekusikia. Hapana yao utaijua tu.

Kitu cha kuchunga ni hartal. Chama fulani kikikasirika, kinatangaza mgomo, na kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni hakuna duka, basi wala auto. Nami nilikuwa na mtihani. Dereva wa mtaani kwetu alinigongea dirisha usiku uliotangulia, akanambia kesho usiningoje, lala kwa rafiki karibu na chuo. Tena yeye ndiye aliyekuwa anaandamana.

Nikiwa Kozhikode dereva mmoja wa makamo aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Mombasa. Akaacha njia ya stesheni, akanipeleka Beypore bila kuniuliza, mimi roho mkononi najua leo naibiwa. Tukafika ufukweni pana jahazi la mbao limesimama juu ya nchi kavu, kubwa kama msikiti wa mtaani. Wao wanaita uru. Mafundi wanaziba nafasi za mbao kwa pamba, nyundo zinalia ko, ko, ko. Babu yake alikuwa baharia. Akanionyesha kwa mkono upepo unatokea wapi na unakwenda wapi, na mimi nikamwambia kwetu huo ni kaskazi. Kutoka hapo si mbali na Kappad, aliposhuka Vasco da Gama mwaka 1498 akiongozwa na rubani aliyemchukua Malindi, kwa hiyo si mimi wa kwanza kutoka kwetu kupelekwa pale. Stesheni nilifika gari moshi limeshaondoka. Nauli alichukua ya stesheni tu.

Kula pathiri, shekhe. Ni chapati ya unga wa mchele, na mchuzi wa nazi. Utadhani shangazi yako yuko jikoni.

Mgoa wa Upanga

Nikiongeza Goa kidogo, maana familia yetu ilitoka huko. Bodaboda kama hizi za Dar, Goa zipo siku nyingi, na zina leseni. Madereva wake wanaitwa pilot. Utawajua kwa madigadi ya mbele ya rangi ya njano. Teksi za kule ni ghali, na madereva wake wamepigana miaka na kampuni za kuita gari kwa simu, kwa hiyo usishangae simu yako ikikosa gari. Panda pilot, patana kwanza.

Asubuhi ukisikia honi ya kubonyeza ya mpira kwenye baiskeli, toka nje na sahani. Huyo ni poder, muuza mikate. Ukichelewa umekosa ya moto.

Dada wa Ukonga

Samahanini, mnawasifia mno. Mimi nimesoma Mangaluru, jimbo la Karnataka, na mengine lazima Mzigua ayajue kabla hajafika na mama yake.

Usiku nauli inakuwa moja na nusu, hiyo ni halali. Lakini mimi nimetozwa mara tatu saa kumi na mbili jioni, jua halijazama vizuri. Nimezungushwa mji mzima kufika mahali ambako kesho yake nilitembea dakika kumi. Ilinibidi nijifunze namba za Kikannada ili nisome mabasi, na kila nikipanda auto peke yangu nilituma ramani kwa wenzangu wa chumbani, na kuzungumza na simu kwa sauti hata kama hakuna mtu upande wa pili.

Halafu kuna kutazamwa. Si dakika, ni safari nzima, kwenye kioo. Swali la kwanza "Nigeria?" Ukisema Tanzania, "Ah, Nigeria." Mama mmoja ndani ya basi aliushika msuko wangu akauvuta taratibu kuona kama utatoka, wala hakuwa na ubaya, akanipa na ndizi. Ila kutafuta chumba nilikataliwa nyumba nne. Mbili walisema wazi, hatupangishi Waafrika. Moja walisema nyumba ni ya wasiokula nyama. Ya nne dalali alipokea pesa yangu, mpaka leo.

Nisiseme uongo lakini: aliyenipatia chumba cha tano alikuwa dereva wa auto. Ni kwa dada yake. Sheria ilikuwa moja, samaki pika, ng'ombe usilete.

Mzee wa Nungwi

Mie nilikwenda Mandvi, Kutch, jimbo la Gujarat, kufuatilia mambo ya mbao. Kule wana chhakdo, mbele pikipiki, nyuma tela, mnapakiwa kumi na kitu. Nilikuwa sijui neno lao hata moja, nikashangaa nasikia "gari", "pesa", "laki", halafu kikongwe aliyekaa ubavuni mwangu ananiuliza kwa Kiswahili kama Zanzibar embe zimeiva. Kaondoka Unguja mwaka 1964. Alishuka kabla sijamjibu vizuri.

Mzigua wa Chanika

Nimesoma yote, asanteni sana. Mama nimemsomea kwa sauti, kwenye idli na mshumaa akaniambia rudia. Dada wa Ukonga, nimekuelewa, chumba nitashughulikia kabla ya safari.

Mama wa Tabata, huyo anna bado mnawasiliana?

Mama wa Tabata

Namba yake nimekutumia pembeni. Siku hizi anaendesha mwanawe, yule wa pili. Mwambie umetumwa na amma wa Tanzania, aliyeitika. Atakwambia mita mbovu. Anza na ishirini.